Kiti Kilichosubiri Mgeni Rasmi

Ipo nchi moja ambayo sitaitaja jina. Siogopi, ni heshima tu, maana wakubwa wake hawapendi kusifiwa na watu wasio na kibali cha kusifu. Ni nchi nzuri. Ina milima, ina mvua, ina migomba, na ina mabaraza mia moja na kumi na manne. Katika hayo yote, lililo karibu zaidi na moyo wa mwananchi ni Baraza la Teknolojia la Kanda, ambalo kazi yake ni kuwasaidia wafanyabiashara wadogo wakue na uchumi nao ukue. Na kwa kweli kila mwaka vyote viwili hukua, tena kwa asilimia ileile iliyopangwa mwaka uliotangulia.

Jambo moja tu mgeni anapaswa kulijua kabla hajaingia nchini humo. Kule kitu hakihesabiwi kuwa kipo mpaka kizinduliwe. Kisima kinaweza kutoa maji miaka mitatu, watu wakanywa, wakafua na kunywesha ng'ombe, lakini kama hakuna mgeni rasmi aliyekata utepe, basi kisima hakipo, na watu wale kwa takwimu wana kiu. Siku ya uzinduzi ndipo hupata maji kwa mara ya kwanza, na kina mama hupiga vigelegele vya kweli kabisa. Watu wamezaliwa wakaukuta utaratibu huo, wameuzoea, na mimi ni nani hata niushangae.

Katika Kanda ya Saba, kwenye kijiji cha Itumbwe, aliishi fundi mmoja wa kuchomelea vyuma, jina lake Ambakisye. Alikuwa mtu mzima wa miaka arobaini na ushee, mpole, mwenye makovu ya cheche mikononi. Alitengeneza madirisha na milango, akaziba sufuria zilizotoboka, akaunga fremu za baiskeli, na yote hayo kwa jenereta la kuazima ambalo liliwaka siku lilipojisikia. Ndoto yake ilikuwa moja tu, umeme wa njia tatu karakanani kwake. Nguzo za umeme zilipita ng'ambo ya barabara, akaziangalia kila asubuhi kama mtu anavyoangalia chakula cha jirani.

Aliishi na mama yake, Bi. Sekela. Bibi huyu aliteleza shambani masika moja, akavunjika nyonga. Hospitali ilimrudisha nyumbani na vidonge vya maumivu pamoja na maneno ya kutia moyo. Pikipiki hakuweza kupanda, kwa sababu miguu haikukubali kutanuka, na kubebwa mgongoni kulimtoa machozi. Miaka miwili akakaa mkekani, dunia yake yote ikawa mlango na kipande cha uwanja kinachoonekana mlangoni. Kuku alipopita alimjua ni wa nani.

Ambakisye hakuvumilia. Akatafuta magurudumu mawili ya baiskeli na moja la toroli, akaokota mabomba ya maji yaliyotupwa, akaanza. Viti vya magurudumu vya hospitali alikuwa ameviona, na aliona vimetengenezwa kwa ajili ya mtu yeyote, yaani si kwa mtu yeyote hasa. Yeye alijaza gunia mchanga wenye unyevunyevu, akamkalisha mama yake juu yake taratibu, akamwomba atulie kama anapigwa picha. Alipomwinua, mchanga ulikuwa umeshika umbo la mwili wake, upande mzima na upande uliovunjika. Akapinda vyuma kufuata umbo lile, shimo kwa shimo. Ndiyo maana Bi. Sekela alipokikalia kile kiti mara ya kwanza hakuguna. Aliuliza tu kwa nini bado wako ndani.

Tangu siku hiyo kila Alhamisi ya pili walikwenda Masukila, maili tatu za barabara ya vumbi, kwa Subilaga, mdogo wake Bi. Sekela, ndugu pekee aliyembakia duniani. Kwenye mlima Ambakisye alisukuma, kwenye tambarare mama alizungusha mwenyewe kwa mikono, akisalimia nyumba baada ya nyumba na kuuliza habari za watu waliokwisha kuhama. Wakifika, vikongwe wale wawili waliketi kivulini wakamenya maharage na kugombana. Ugomvi wao ulikuwa uleule wa miaka sitini, kwamba ni nani kati yao aliyebebwa zaidi na mama yao mgongoni. Subilaga alidai ni yeye, kwa kuwa alikuwa mgonjwamgonjwa. Bi. Sekela alimjibu kwamba ugonjwa wenyewe ulikuwa wa kujifanyisha. Jioni waliagana wakiwa wamenuniana, na njiani Bi. Sekela aliimba.

Habari zikasambaa. Watu wenye miguu iliyogoma walianza kuletwa Itumbwe, kila mmoja akakalishwa kwenye gunia lake la mchanga, na kabla mwaka haujaisha Ambakisye alikuwa na viti tisa alivyoagizwa. Hapo ndipo Baraza liliposikia kwamba kuna biashara inakua bila kusaidiwa. Likashtuka, na likaja haraka.

Lilikuja na magari manne. Wa kwanza kushuka alikuwa Mratibu wa Kanda, Daktari Mhandisi Kalikawe, bwana mmoja mnene na mkarimu ambaye katika utumishi wake wote hakuwahi kusema neno bila kipaza sauti. Kwa kuwa si kila mahali pana vipaza sauti, alitembea na chake, kidogo cha mkononi, na kwa hicho akamsalimia Ambakisye aliyekuwa amesimama hatua mbili mbele yake. Kuku wakakimbia.

Akahutubia nusu saa watu watano waliokuwapo. Alisema Baraza limefurahishwa, limeguswa, na limedhamiria. Alisema sasa ubunifu huu utaingizwa kwenye mnyororo wa thamani, na kwamba mnyororo huo ni mrefu.

"Ndugu Ambakisye," akamalizia, "kuanzia leo wewe si fundi tena. Wewe ni kongano la viwanda."

Ambakisye akauliza kwa unyenyekevu kama kongano linapata umeme. Mratibu akacheka kwa kipaza sauti, akasema umeme wa njia tatu utawashwa siku hiyohiyo ya uzinduzi, na nguzo zitaanza kusimikwa wiki ijayo. Na kweli zilianza. Naomba jambo hilo likumbukwe kwa haki, maana kuna watu husema Baraza halitimizi ahadi. Fundi yule alipoona shimo la nguzo linachimbwa uani kwake, moyo ulimwenda mbio kama kijana aliyekubaliwa posa, na kuanzia hapo akawa tayari kukubali mengi.

La kwanza alilotakiwa kukubali lililetwa na Bi. Stamili, karani wa uzinduzi, mama mwenye sauti laini na mkoba wa fomu. Alikikagua kiti, akaona mikono imeng'aa kwa kushikwa, na matairi yamelika, akasikitika sana. Akaeleza kwamba utepe hukatwa kwenye kitu kipya. Kitu kilichokwisha kutumika hakizinduliki, na kisichozinduliwa hakiwezi kusaidiwa. Lakini asiwe na wasiwasi, fomu ipo. Mtumiaji atie kidole gumba kuthibitisha kwamba hajawahi kukikalia.

Bi. Sekela aliomba asomewe mara mbili. Kisha akauliza, "Sasa kwa mdogo wangu nilikuwa nakwendaje?"

"Bibi, hukwenda," Bi. Stamili alimjibu kwa upole.

"Nimekwenda mara kumi na saba, mwanangu. Nilikuwa nahesabu."

Karani akamshika mkono, akamweleza kwamba hizo kumi na saba hazitapotea bure. Baada ya uzinduzi atakwenda mara ya kwanza, na mara ya kwanza ndiyo tamu kuliko zote. Alisema kwa nia njema kabisa. Bi. Sekela akamtazama mwanawe. Mwanawe alikuwa anatazama nguzo iliyolala uani. Basi yule bibi akatoa kidole, kikachovywa wino wa zambarau, na kwa alama moja akafuta safari zake zote kumi na saba, milima, maharage, nyimbo na ugomvi. Wino ulikaa kidoleni siku tatu.

Kiti kikafunikwa kwa nailoni, kikafungwa utepe wa rangi za taifa, na fundo likapigwa lakiri ya Baraza. Vile vingine tisa ambavyo havijakamilika vilifungwa pia, visije vikatumika kwa bahati mbaya. Uzinduzi ulipangwa baada ya wiki mbili. Mwezi wa tatu ulikuwa ndio unaanza.

Wiki mbili zilipotimia, ilionekana kiti ni kizuri mno kwa mkuu wa wilaya. Akatafutwa mkuu wa mkoa. Mkuu wa mkoa alipokubali, Mratibu akaona aibu kumpa mtu wa ngazi ile kitu ambacho kingeweza kumfaa Waziri. Waziri naye alikuwa safarini ng'ambo, akijifunza jinsi nchi zilizoendelea zinavyozindua. Mwezi wa tano ukapita, na wa saba nao.

Nisieleweke vibaya. Katika miezi yote hiyo Baraza halikulala. Lilimletea Ambakisye fulana mia mbili zenye picha ya kiti. Lilimpa semina ya kujiamini, na nyingine ya kujitegemea ambayo kuhudhuria kulikuwa lazima. Lilimtaka aweke kitabu cha wageni karakanani, na ujumbe baada ya ujumbe ulifika, ukatazama nailoni, ukaandika "Kazi nzuri, endeleeni", ukaondoka. Madirisha alikatazwa, kwa kuwa kongano haliwezi kuonekana linaziba sufuria. Wateja wake wa zamani wakahamia kwa fundi wa kijiji cha pili, ambaye bahati yake ilikuwa kutojulikana. Na katika taarifa ya robo mwaka iliandikwa kwamba watu tisa wenye ulemavu wamefikiwa. Ilikuwa kweli, walifikiwa wakaambiwa wasubiri.

Bi. Sekela alirudi mkekani. Hakulalamika. Kila Alhamisi ya pili alioga asubuhi, akavaa gauni lake la kutokea, akakaa akitazama mlango mpaka jua lilipogeuka, kisha akavua. Ambakisye aliona, na alijifunza kutafuta kazi upande wa nyuma wa nyumba siku hizo.

Mwezi wa tisa, Jumanne moja asubuhi, akaja mwendesha pikipiki kutoka Masukila na ujumbe. Subilaga yuko hoi. Hajala tangu Jumamosi, na kila akifumbua macho anamuulizia dada yake. Ujumbe wenyewe ulikuwa maneno mawili: dada aje.

Ambakisye alikwenda mbio ofisini kwa Baraza. Alimkuta Mratibu katika furaha kubwa, kwa maana Waziri alikuwa amethibitisha kwa maandishi kwamba atakuja Jumamosi hiyohiyo. Fundi akamweleza yaliyompata, akaomba kiti kwa siku moja, akaahidi kukisafisha matairi kwa mswaki na kukirudishia utepe wake. Mratibu alisikiliza kwa huzuni ya kweli, machozi yakamlengalenga. Akasogeza kipaza sauti mdomoni.

"Baraza linaumia pamoja nawe, ndugu yangu. Lakini lakiri ikivunjika hakuna uzinduzi. Uzinduzi usipokuwepo hakuna umeme, na wale tisa hawatapata viti. Wewe ni mtu wa kuwanyima watu tisa miguu?"

Akaomba basi gari. Akajibiwa kwamba magari ya Baraza ni ya uhamasishaji, hayabebi. Alipokuwa anatoka, Mratibu alimkimbilia mlangoni akampa fulana moja ampelekee mgonjwa. Nakuhakikishia, msomaji, alimpa kwa moyo mkunjufu.

Akarudi Itumbwe akitafuta vijana wanne wenye mabega wambebe mama yake kwa machela, taratibu, hata kama ni kwa kutwa nzima. Hakupata hata mmoja. Vijana wote wa kata walikuwa kwenye uwanja wa shule wakifanya mazoezi ya kumpokea Waziri, majina yao yameorodheshwa, na asiyekuwepo alihesabiwa kuwa anapinga maendeleo. Ngoma zilisikika mpaka nyumbani.

Alipoingia, mama yake alikuwa ameshavaa gauni la kutokea. Alikuwa amelivaa mwenyewe, kwa shida, na vifungo viwili vilikuwa havijafungwa. Ambakisye alimfunga vifungo, kisha akaenda karakanani akachukua mkasi wa bati, akasimama mbele ya kiti. Mkekani mama alikuwa akimwona.

"Kata, mwanangu," Bi. Sekela alisema.

Mkono wa fundi ulikuwa kwenye utepe. Juu yake, kwenye ukuta, mafundi wa umeme walikuwa wameshafunga boksi jipya la kijivu, zuri, lenye swichi tatu. Aliliangalia lile boksi. Alifikiri viti tisa, na watu tisa, na mashine yake ikiguruma mchana kutwa bila kuomba jenereta la mtu. Alifikiri pia kwamba mama yake mdogo, Subilaga, aliumwaumwa tangu utotoni na kila mara alipona. Mtu akitaka kujidanganya hakosi sababu, na siwezi kumcheka kwa hilo, maana mimi na wewe tungefikiri hivyohivyo.

"Mama, Waziri anakuja Jumamosi. Ni siku nne tu. Jumamosi nitakusukuma mwenyewe mpaka mlangoni kwake."

Bi. Sekela hakubisha. Alimtazama kwa muda, kama anayemtafuta mtu fulani usoni pake, kisha akaanza kufungua vifungo.

"Haya, baba," alisema.

Subilaga alifariki Alhamisi mchana. Ijumaa walimzika. Kwa desturi ya watu wa kule, mwanamke akifa dada yake mkubwa ndiye humfunga kitambaa cha kichwa, na wengine hawamgusi kichwa mpaka yeye afike. Masukila walijua kwamba mkubwa yupo na yu hai, maili tatu tu kutoka hapo, basi wakamsubiri. Walisubiri mpaka saa kumi. Mawingu yalipokusanyika, jirani mmoja, mwanamke asiye na undugu wowote nao, akaombwa amfunge.

Ambakisye alikwenda mazikoni peke yake kwa miguu. Watu walimpa pole, wakamuuliza mama yuko wapi na kile kiti chake. Hakuna aliyeuliza kwa ubaya. Aliporudi alikuta mama yake ameomba ageuziwe mkeka, sasa uso ulikuwa upande wa Masukila na mgongo mlangoni. Akakaa chini karibu naye akalia kwa sauti, mtu mzima na makovu yake. Bi. Sekela yeye hakulia. Alimpapasa kichwa kwa mazoea, akiwa anafikiri mengine.

Jumamosi Waziri alifika kwa wakati, jambo ambalo nchini humo huandikwa magazetini. Turubai lilikuwa limejaa, vijana walicheza vizuri sana, mazoezi yalionekana. Bi. Sekela alibebwa mpaka mbele, akakalishwa kwenye kiti cha plastiki akiuma meno. Alikuwa amejifunga kaniki ya msiba. Bi. Stamili alimnong'oneza kwamba nyeusi inaharibu picha, akamvisha fulana juu yake, namba kubwa, picha ya kiti ikamkaa tumboni.

Mratibu alihutubia. Waziri alihutubia. Walisema kwamba kanda imekua, kwamba uchumi wa kisasa unasukumwa na ubunifu, na kwamba Serikali hailali. Kisha utepe ukakatwa kwa mkasi wa dhahabu ulioletwa kwenye mto mwekundu, nailoni ikavuliwa, vigelegele vikapigwa, na wakati huohuo swichi ya karakanani ikawashwa, taa ikawaka mchana kweupe. Watu wakasimama kushangilia. Vijana wawili wakamwinua Bi. Sekela wakamweka kitini. Kiti kilimpokea kila mahali, hakikumuuma popote.

Waziri, ambaye alikuwa mtu wa watu, aliinama akamshika mabega, akachukua kipaza sauti cha Mratibu.

"Mama yetu, miaka yote hii ulikuwa umefungiwa ndani. Leo Serikali imekupa miguu. Hebu waambie watazamaji wote hapa, utakwenda wapi kwanza?"

Kipaza sauti kikasogezwa.

"Nilikuwa na mahali pamoja tu pa kwenda, Mheshimiwa," alisema Bi. Sekela. "Jana wamepazika bila mimi."

Kwenye ratiba iliandikwa kwamba baada ya jibu la mtumiaji kutakuwa na makofi. Mshereheshaji akainua mkono, na makofi yakapigwa, marefu, ya kusimama. Waziri alitabasamu na wapiga picha wakapata walichokitaka. Taarifa ya mwaka ya Baraza inaeleza kwamba siku hiyo mkazi mmoja wa Itumbwe alitoka nyumbani kwake kwa mara ya kwanza, akasafiri mita kumi na mbili.

Mita hizo ni kutoka turubaini hadi mlangoni. Ambakisye ndiye aliyesukuma. Alimuuliza polepole kama wangoje watu wapungue, halafu waende Masukila, makaburini. Mama akatikisa kichwa. Alitaka ashushwe, arudishwe mkekani. Akamshusha, akamvua ile fulana, akamfunika miguu.

"Sikulaumu, baba," alimwambia, macho yake ukutani. "Ila siku ile ungekata tu."

Nje, mshereheshaji alikuwa anaita jina la Ambakisye kwa mara ya pili, maana kwenye ratiba kulikuwa bado na risala ya shukrani kutoka kwa mnufaika. Alikuwa ameiandika mwezi wa tatu kwa mkono wake, kurasa mbili, na kuisafisha mara nyingi. Alimwita mama yake, mama hakugeuka. Akajifuta uso kwa kiganja, akaitoa karatasi mfukoni, akatoka nje akaisoma yote.